Mvi na kanta: ninavyowapaka wateja wangu, na ninayowakataza

Wateja wenye mvi wakiingia saluni kwangu hapa Mwanga, Kigoma, wengi hutoa agizo kabla hata hawajakaa: "Nipake kanta, nyeusi tii." Nawaambia wakae kwanza, wavue kilemba, tuzitazame nywele pale mlangoni penye mwanga wa jua. Nina maswali yangu. Mvi ziko wapi hasa? Nywele zina dawa ya kulainisha? Rasta umefumua lini? Halafu lile ambalo huwaudhi kidogo: utarudi lini?

Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengine yote. Mama anayeanika dagaa Kibirizi, ambaye alfajiri ni lazima awe mwaloni mitumbwi ikirudi, hana nafasi ya kukaa kwenye kiti changu kila baada ya wiki tatu. Nikimpaka nyeusi tii leo, atapendeza Jumapili hii na ijayo. Baada ya hapo mstari mweupe unaanza kuchungulia kwenye mapanja na katikati ya kichwa, na kwa kuwa umepakana na weusi mzito, ataonekana ana mvi nyingi kuliko alizokuja nazo. Kwa hiyo mimi huanzia mwisho. Tunapatana kwanza ni kazi kiasi gani utaimudu, ndipo tunatafuta rangi inayolingana na kazi hiyo.

Mvi inatokea wapi

Unywele haugeuki mweupe ukiwa tayari uko nje. Hutoka mweupe tangu kwenye shina, kwa sababu seli zinazotengeneza melanini, ile rangi yetu ya asili, zimepungua au zimekwisha ndani ya tundu hilo. Ule uliotoka mweusi hubaki mweusi mpaka udondoke. Ndiyo maana sina subira na mafuta yanayotembezwa sokoni kwa maelezo kwamba yanarudisha weusi. Mafuta hulainisha kilichokwisha kuota, basi. Na hizo tunazoziita za kijivu, ukizichambua moja moja, utakuta nyingi ni nyeupe zilizochanganyika na nyeusi, macho ndiyo yanayozisoma pamoja.

Kung'oa, acha. Si kweli kwamba ukiing'oa moja zinakuja saba kwenye mazishi yake. Tundu moja haliamuru matundu ya jirani. Lakini atakayerudi ni yule yule mweupe, na ukimng'oa kila mara tundu huchoka, mahali pale pakabaki wazi. Mapanja ya wanawake wengi wa mjini yameshaliwa na rasta za kubana, hayahitaji adhabu nyingine. Kama kuna mmoja unakukera kwenye paji la uso, ukate kwa mkasi mdogo karibu na ngozi.

Kwa sisi Waafrika mvi huanza kwa kawaida katikati ya miaka ya arobaini. Zikitapakaa kabla hujafika 30, mara nyingi ni urithi, mtazame baba yako au shangazi zako. Ila upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na uvutaji wa sigara navyo vinahusishwa na mvi za mapema. Kijana mwenye mvi nyingi ambaye pia anachoka bila sababu au anakufa ganzi miguuni, mimi namwelekeza kituo cha afya au hospitali ya Maweni akapimwe damu kwanza. Kanta ipo tu, haiendi popote.

Umri hubadilisha pia hali ya nywele zenyewe. Tezi za mafuta za kichwani hupunguza kazi, hasa hedhi ikishakoma, hivyo nywele zinakauka, na nyingine zinakakamaa zikasimama peke yake upande mmoja. Hizo zilizokakamaa ndizo pia zinazokataa rangi. Msusi anayekipaka kichwa cha miaka 60 sawasawa na cha miaka 25 atakuachia mapanja meupe na ncha zilizokatikakatika.

Kuchagua rangi

Nyeusi tii siipendi kwa aliyevuka miaka 50, na nitabishana na mteja mpaka maji ya kuoshea yapoe. Hata nywele za binti wa miaka kumi na minane, ukizitazama juani, zina vivuli vya kahawia ndani yake. Kanta nyeusi haina vivuli, imelala bapa, na ikikaa karibu na uso uliokwisha kupata mistari yake, mistari ndiyo inayoonekana. Tena kila ukirudia, weusi unajilimbikiza kwenye ncha. Chukua kahawia ya giza. Mtu akikuona mtaani ataona nywele nyeusi, na mvi zikianza kurudi tofauti haitakuwa kali, utapata wiki mbili zaidi za amani.

Kwenye maboksi ya krimu namba ya kwanza ndiyo inayoeleza giza la rangi: 1 ni nyeusi, 3 ni kahawia ya giza, 4 ni kahawia ya kati. Hapa kwetu vipodozi vingi vimevuka ziwa kutoka Kongo au vimepitia Burundi, kwa hiyo maandishi ni ya Kifaransa. *Noir* ni nyeusi. *Châtain foncé* ndiyo kahawia ya giza ninayoisema. Kama boksi halina tarehe ya mwisho wa matumizi, au karatasi ya maelekezo imetolewa, lirudishe hata kama muuzaji ni ndugu yako. Vipodozi kwa sasa viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019 vilipotolewa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, lakini kinachofika kwa boti usiku hakipitii kwa mkaguzi.

Kanta nyingi tunazozijua ni za kudumu. Za unga unachanganya na maji tu, kwa sababu kinachoivisha rangi kimo humo humo kwenye unga. Za krimu huja na chupa ya pili, developa, ambayo ni haidrojeni peroksaidi. Namna zinavyofanya kazi ni moja: chembe ndogo zisizo na rangi hupenya ndani ya unywele, huko zinaungana na kuwa kubwa, zinakuwa na rangi, na haziwezi tena kutoka zilikopitia. Ndiyo sababu kanta ikishaiva huitoi kwa sabuni wala kwa ndimu. Developa namba 20, yaani asilimia 6, inatosha kabisa kufunika mvi. Namba 30, asilimia 9, ni ya kupandisha nywele nyeusi ziwe na rangi nyepesi. Msusi akikufungulia hiyo kwa ajili ya mvi, muulize ya nini.

Kisha zipo za muda, zisizo na peroksaidi, zinazokaa juu juu na kupungua kila unapoosha. Utaosha kati ya mara nne na kumi na mbili, zimekwisha. Hazizifuniki mvi nzito, zinazitia kivuli tu, lakini zikififia haziachi mstari. Mwenye mvi chini ya robo ya kichwa nampa hizi, na wengi hawarudi tena kwenye kanta. Katikati kuna zile za developa dhaifu, zinazostahimili kuoshwa mara ishirini hivi. Mama wa Kibirizi nilimpa hizo.

Jaribio la saa 48, na habari ya piko

Hapa sibembelezi mtu. Kinachozipa kanta nyeusi weusi wake mara nyingi ni kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Kwenye boksi huandikwa p-phenylenediamine, au kwa Kifaransa paraphénylènediamine. Wapo watu ambao miili yao haiitaki. Kope zinavimba mpaka macho yanafunga, kichwa kinatoa majimaji, masikio yanawaka. Haitokei palepale kwenye kiti. Mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu, wakati mtu ameshasahau kwamba alipaka.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaogusa kichwa. Sasa fikiria piko ya harusini. Piko ile nyeusi tunayochorwa mikononi na miguuni, inayoshika upesi na kukolea sana, mara nyingi ni kanta ya nywele iliyokorogwa nzito, na inakaa moja kwa moja kwenye ngozi kwa muda mrefu. Wako mabibi harusi waliotoka malengelenge yakifuata maua yale yale yaliyochorwa. Ngozi haisahau. Miaka ishirini baadaye mtu yule yule anakuja kupaka mvi zake, na mwili unamtambua adui wa zamani. Kwa hiyo swali langu kwa kila mwanamke wa Ujiji, ambako harusi haikamiliki bila maua, ni hili: piko iliwahi kukuwasha au kukuchubua? Akisema ndiyo, kanta yoyote yenye PPD kwangu hapati, hata akileta boksi lake mwenyewe.

Kwa wengine tunafanya jaribio. Chukua rangi kidogo, ifuate karatasi inavyoelekeza kuichanganya, paka nyuma ya sikio au kwenye kunjo la kiwiko kwa ndani, eneo la ukubwa wa sarafu, iache ikauke. Ngoja saa 48. Pakiwasha, pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa upele, hadithi imekwisha. Na fanya hivyo hata kama umepaka kanta ile ile miaka kumi, maana mzio unaweza kuanza siku yoyote kwa kitu ulichokizoea. Wateja hunicheka kwa hili. "Mama, mimi nimekuja kwa bodaboda kutoka Gungu, unanirudisha kwa tone la rangi?" Ndiyo, nakurudisha.

Ikitokea umepaka na kichwa kinaanza kuwaka, usisubiri dakika zitimie. Osha kwa maji mengi na shampuu laini. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali hapo hapo, na uende na boksi ili daktari aone ulichotumia.

Siku ya kupaka

Usioshe kichwa siku hiyo wala jana yake. Mafuta ya ngozi yanakulinda. Kama umetoka kufumua rasta, ngoja siku kadhaa. Wakati wa kufumua tunakuna mno, kwa kitana na kwa kucha, na ngozi iliyokwaruzwa huinywa kemikali. Mwenye vidonda au mba ulioshika kichwa atibu kwanza.

Aliyeweka dawa ya kulainisha asipake kanta siku hiyo hiyo. Dawa hizo zina alkali kali sana, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, hufika 12 na zaidi; unywele umetoka kufunguliwa, ukiumwagia peroksaidi juu yake utaubeba mkononi. Tanguliza dawa, pitisha angalau wiki mbili, ndipo upake. Mimi kwa mwenye nywele nyembamba namwambia achague kimoja tu, dawa au rangi. Wengi huchagua rangi, nami huwa nafurahi, ingawa retachi, yaani kurudia dawa kwenye nywele zilizoota, ndiyo inayonilipia kodi ya chumba.

Andaa bakuli la plastiki au la udongo, usitumie sufuria wala bakuli la chuma. Brashi, glovu, khanga kuukuu mabegani. Vaselini uipake kuzunguka mstari wa nywele, juu ya masikio na shingoni, lakini isipande kwenye nywele zenyewe, rangi haitashika. Pakiti ya unga ifungulie karibu na dirisha, uso ukiwa mbali, maana vumbi lile si la kuvuta. Glovu ni muhimu kwako unayepaka mara moja kwa mwezi, na kwetu wasusi ni zaidi. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya ususi na unyozi, kwa sababu ya kemikali hizi tunazozigusa kila siku, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Kwa mtu anayejipaka nyumbani lilisema ushahidi hautoshi kuamua. Vijana wangu hapa saluni wakishika kanta mikono mitupu tunagombana.

Gawa kichwa mafungu manne kwa kitana. Anza palipo na mvi nyingi na ngumu, kwa kawaida mapanja na mstari wa mbele, kwa kuwa huko rangi inahitaji muda mrefu zaidi. Kisha katikati, kisha nyuma. Chukua vipande vyembamba, paka kwenye shina tu.

Kwenye shina tu, narudia, kwa sababu hapa ndipo nywele za wengi zinapoharibikia. Mara ya kwanza unapaka zote. Mara ya pili, kilichoota cheupe ni urefu wa ukucha. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Nyingine zote zina rangi tayari. Mtu anayemwaga kanta kichwa kizima kila mara anakuwa ameziunguza ncha zile zile kwa peroksaidi mara tano kwa mwaka, halafu anauliza kwa nini zinakatika. Ukiona ncha zimefifia, zipitishie rangi dakika tano za mwisho tu, tena kwa kuilainisha na maji kidogo.

Muda ni ule ulioandikwa kwenye karatasi, nyingi ni kama dakika 30. Usiongeze ukidhani itashika zaidi. Usikae chini ya draya kama karatasi haikusema. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, weka kondishena, na shampuu isubiri siku mbili au tatu. Ngozi ikishika doa, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Nimeona watu wakijisugua kwa Jik kwenye paji la uso! Doa lingetoka lenyewe baada ya siku chache. Kovu ni habari nyingine.

Nyusi na kope usiguse kabisa. Kanta ikiingia jichoni inaweza kukupofusha.

Rangi iliyochanganywa ikabaki, imwage. Usiifunge kwenye chupa kwa ajili ya kesho, inazalisha gesi na chupa inaweza kupasuka. Unga ambao haujachanganywa uweke juu kabisa, mbali na watoto, ndani ya boksi lake lenye maandishi, usiumimine kwenye kikopo cha dawa au cha viungo. PPD ikimezwa hufunga koo kwa uvimbe na kuua figo. Ni sumu kali, na imeua watu katika nchi nyingi.

Maji, sabuni na mafuta

Wageni wanaohamia Kigoma hulalamika nywele zao zimekauka, nao wana sababu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, pH yake iko karibu na 9, na yana magnesiamu nyingi. Unywele wenyewe unatulia kwenye 5 hivi. Ukichanganya maji hayo na sabuni ya mawese, ambayo kama sabuni yoyote ya kipande nayo ni alkali, magamba ya unywele yanafunguka, rangi inatoka, na juu unabaki utando mweupe usiosuuzika. Sabuni ya mawese naipenda kwa nguo na kwa mwili. Kwenye kichwa kilichopakwa rangi, hapana. Tumia shampuu laini, mara moja kwa wiki au kila baada ya siku kumi, na umalizie kwa kusuuza na maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha siki kwa lita moja. Masika yakija, kinga maji ya mvua, hayana chumvi za ziwa, na utaiona tofauti ndani ya mwezi.

Mafuta sasa. Mawese mekundu yana karotini, hiyo ndiyo inayoyapa wekundu wake, na kwenye mvi nyeupe huacha umanjano kama wa meno ya mvuta tumbaku. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ni mazuri kwa unyevu, ila yale yaliyokaangwa kienyeji huwa ya kahawia, kwa hiyo yanafaa kwa aliyepaka rangi kuliko kwa aliyeacha nyeupe. Mwenye nyeupe atumie ya nazi yaliyo meupe, kidogo, viganjani kwanza kisha kwenye ncha. Moshi wa mkaa na jua navyo hugeuza mvi njano. Unywele mweupe hauna melanini ya kuukinga, hivyo jua la kuanikia dagaa linaupiga moja kwa moja. Kilemba kinasaidia, lakini kitenge cha pamba kinafyonza mafuta yote. Shonea satini kwa ndani, fundi yeyote pale sokoni atakufanyia, na usiku ulale na kitambaa hicho hicho cha satini.

Umanjano ukishaingia, ipo shampuu ya rangi ya zambarau. Zambarau hufuta njano machoni. Acha dakika tatu au nne, si zaidi, na si kila unapoosha, la sivyo utatoka na kichwa cha urujuani, na Mwanga ni mji mdogo.

Hina, kahawa, na ndevu za wazee

Hina safi, ile ya majani yaliyosagwa, haina shida nyingi. Kwenye unywele mweupe inatoa rangi ya machungwa iliyoiva, inahitaji saa kadhaa, na haitoki. Anayetaka kahawia au weusi kwa njia ya majani hufuatisha nili baada ya hina. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa, hiyo si hina tu, rudi kwenye habari ya piko. Kahawa nayo inapaka: chemsha kahawa yetu ya Kalinzi ikolee, ipoe, umwage kichwani, ukae nayo kama saa moja. Inatia kivuli cha wiki moja na harufu nzuri. Usiitegemee kwa zaidi ya hapo.

Wanaume huja kimyakimya, jioni. Mwenye nywele fupi anayenyoa kila wiki mbili anakata rangi pamoja na nywele, kwa hiyo kwake ile ya muda inatosha, za kudumu ni hasara. Ndevu ni ngumu kuliko nywele lakini ngozi chini yake ni laini kuliko ya kichwa; jaribio la saa 48 ni lile lile, dakika ni chache. Wazee wa Ujiji wengi hawataki nyeusi kabisa kwa sababu ya dini, wakikumbuka habari ya Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliyeletwa kwa Mtume Muhammad na kichwa cheupe na ikaelekezwa kibadilishwe kwa kuepuka nyeusi. Wao ni hina, na kwa kweli ndevu za hina mpya kwenye kanzu nyeupe zinapendeza kuliko kanta yoyote niliyowahi kupaka.

Ukitaka kuacha

Kuacha kanta kunahitaji mpango kama kuanza kulivyohitaji. Nywele za sentimita kumi zitachukua mwaka mzima na zaidi kidogo kugeuka zote, na katikati ya safari kuna miezi ambayo kichwa kina rangi mbili. Njia fupi ni kukata zibaki fupi sana, na nyuso nyingi za kina mama hufunguka kwa mkato huo. Wengi wao walikuwa wameuogopa bure. Asiyetaka kukata namshusha taratibu: kutoka nyeusi tunakwenda kahawia ya giza, kisha rangi ya muda tu kwenye mapanja, kisha tunaacha, huku nikipunguza ncha kila baada ya miezi miwili. Usikubali mtu akupake bilichi ili kuondoa weusi wote siku moja. Nywele za umri wetu hazistahimili.

Kipindi hicho unaweza kusuka. Chukua rasta za kijivu zilizochanganywa na nyeusi, zinazozimeza rangi mbili zako zisionekane. Mabinti wa chuo wananunua kwangu hizo hizo kwa fasheni wakati mama zao wanalipa kuzificha, mimi napokea pesa pande zote mbili. Ila kwa mama ziwe chache na nyepesi, zisianzie kwenye mapanja, msusi asivute mpaka nyusi zipande, na zikifika wiki sita zifumuliwe.